Mwayo wa Tatu: Mwizi Mgeuza-Ngozi na Hatia ya Anayemwamini

Miongoni mwa ngano zinazohusishwa na jina la Aesop imo moja ambayo wahakiki hawaishughulikii sana, labda kwa kuwa haina mnyama hata mmoja wa kweli. Katika mkusanyo wa Ben Edwin Perry wa mwaka 1952 imepewa nambari 419. Mwizi amepanga katika nyumba ya wageni, na kwa siku kadhaa anatafuta cha kuiba asikipate. Siku ya sikukuu anamwona mwenye nyumba ameketi mlangoni peke yake, amevaa kanzu mpya ya kupendeza. Anakwenda kuketi karibu naye, wanazungumza. Maongezi yanapopoa, mwizi anapiga mwayo mrefu kisha analia kama mbwamwitu. Mwenyeji anashtuka na kuuliza kulikoni. Mwizi anajibu kwa unyenyekevu kwamba atamweleza, ila kwanza anamsihi amtunzie nguo zake, maana ataziacha pale pale. Hajui, anasema, kama ni adhabu ya dhambi zake au ni nini, lakini kila apigapo miayo mitatu hugeuka mbwamwitu mla watu. Anapiga mwayo wa pili na kulia tena. Mwenyeji anainuka akimbie. Mwizi anamshika kanzu akimwomba asubiri, apokee zile nguo zisije zikapotea. Mwayo wa tatu unaanza. Mwenyeji anaiacha kanzu mikononi mwa mgeni wake, anakimbilia ndani na kulikomea komeo. Mwizi anajiondokea na kanzu.

Mwishoni mwa ngano limebandikwa funzo: wanaoamini uongo hufikwa na mambo kama haya. Inafahamika kwamba mafunzo ya namna hii mara nyingi yaliongezwa na wakusanyaji na walimu wa balagha, si na wasimulizi wenyewe. Hata hivyo funzo hili linastahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa kuwa linatoa hukumu. Linamwacha mwizi aende zake na kumsimamisha kizimbani aliyeibiwa. Makala haya yanakusudia kuuliza iwapo hukumu hiyo ni ya haki: je, anayeamini uongo anabeba hatia ya hasara yake? Swali hilo linazaa jingine lisiloepukika katika taaluma ya fasihi: hadhira inayomcheka mwenye nyumba imesimama upande gani?

Ustadi wa mwizi huyu ni wa fanani. Ana hadhira ya mtu mmoja, ana jukwaa, ana mpangilio wa vitendo vitatu vinavyopanda kwa taharuki, na anajua mahali pa kunyamaza. Lakini tofauti na fanani wa kawaida, yeye hatendi ili aaminiwe tu, bali anamgawia mtazamaji wake nafasi ya kucheza. Kiini cha mchezo kimo katika lile ombi la kutunziwa nguo. Laiti mwizi angetoa vitisho tu, mwenye nyumba angekimbia na kanzu yake mwilini. Kwa kumfanya mwenyeji mtunza amana, mwizi anapata sababu ya kumshika. Mkono unaokamata pindo la kanzu unaonekana ni mkono wa mtu mnyonge anayeomba msaada. Wizi umevishwa vazi la kusihi. Kejeli yake inaongezeka ikikumbukwa kwamba sheria ya Kirumi iliwabebesha wenye nyumba za wageni dhima nzito ya mali ya wageni wao, na wanasheria walieleza waziwazi kuwa wasipobanwa hivyo wangeweza kushirikiana na wezi. Aliyezoea kushukiwa wizi ndiye anayeibiwa kwa jina la amana.

Je, mwenye nyumba alikuwa mpumbavu? Katika Satyricon ya Petronius, kazi ya karne ya kwanza, mhusika mmoja anasimulia jinsi askari aliyekuwa akisafiri naye alivyovua nguo makaburini kwenye mbalamwezi, akageuka mbwamwitu, na nguo zake zikawa jiwe. Pliny, wa karne hiyo hiyo, anaisimulia habari ya Arkadia ya mtu anayetundika nguo zake kwenye mti, anaogelea ziwa, anaishi na mbwamwitu miaka tisa, kisha anarudi na kuzitwaa. Pliny mwenyewe anaidhihaki habari hiyo. Lakini dhihaka yake ni ushahidi kwamba wengi waliiamini, na kwamba katika imani hiyo nguo ndizo njia ya kurudi kwenye ubinadamu. Ombi la mwizi, basi, halikuwa la ajabu. Mtu aliyekaribia kugeuka, kwa mujibu wa elimu ya wakati ule, angeomba hivyo hivyo. Kilatini kilikuwa na neno versipellis, yaani mgeuza-ngozi, ambalo Petronius analitumia kwa yule askari na ambalo Plautus, karne mbili na zaidi kabla yake, alikuwa amelitumia kumsifu mtu mwerevu anayejua kubadilika kulingana na hali. Lugha yenyewe ilikuwa imewaweka mlaghai na mbwamwitu katika ngozi moja. Mwizi wa ngano anaishi ndani ya utata wa neno hilo: ni versipellis kwa maana ya pili huku akijidai kuwa ni wa maana ya kwanza.

Mwanafalsafa W. K. Clifford, katika insha yake ya mwaka 1877 kuhusu maadili ya imani, alishikilia kuwa ni kosa daima kuamini jambo lolote bila ushahidi wa kutosha. Mfano wake ni mwenye meli anayejiliwaza kwamba chombo chake kikuukuu kiko salama na kukipeleka baharini na abiria ndani. Meli ikizama ana hatia, na hata ikifika ana hatia ile ile. Kwa kipimo hiki mwenye nyumba wa ngano angehukumiwa pamoja na mwenye meli. Kipimo hicho, hata hivyo, hakimkai. Mwenye meli alikuwa na muda wa kuita mafundi. Mwenye nyumba alikuwa na muda wa mwayo mmoja. Isitoshe, aliamini kwa gharama yake mwenyewe. Akikosea katika kuamini, hasara ni kanzu. Akikosea katika kukanusha, hasara ni roho. Mtu anayetoa kanzu ili aokoe roho hajafanya biashara mbaya, hata kama baadaye itagunduliwa kwamba roho haikuwa hatarini. Mkusanyaji aliyeandika funzo lile alikuwa anajua mwisho wa hadithi. Mwenyeji hakuujua.

Hapa, hata hivyo, hoja haiwezi kuachwa katika hali ya kumtetea tu. Imani katika wageuka-ngozi haikuwa daima yenye gharama ya kanzu moja. Mwaka 1589 Peter Stumpp aliuawa kwa mateso makali huko Bedburg, karibu na Cologne, kwa kushtakiwa kuwa mbwamwitu, na mwaka uliofuata kijitabu cha habari zake kilikuwa kinauzwa London. Mwaka 1603 mahakama ya Bordeaux ilimfungia kijana Jean Grenier katika nyumba ya watawa badala ya kumuua, kwa kuwa ilimwona hana akili timamu. Wala jambo hili si la Ulaya ya kale pekee: hofu ya Popobawa ilipotanda Unguja na Pemba mwaka 1995, mtu mgonjwa wa akili aliuawa na umati mjini Zanzibar kwa kudhaniwa ndiye yeye. Mwizi wa ngano anajivika kinyago ambacho wengine walivikwa kwa nguvu na hawakuweza kukivua. Anacheza kamari kwamba mwenyeji wake atakuwa mwoga. Katika simulizi ya Petronius mtumwa mmoja anamchoma mbwamwitu mkuki shingoni, na asubuhi askari anakutwa kitandani akitibiwa jeraha. Mwenye nyumba angekuwa na mkuki wa namna hiyo karibu na mlango, onyesho lingekatizwa kabla ya mwayo wa tatu. Woga anaochekwa nao ndio uliomwokoa mchekeshaji. Ikiwa imani yake ina hatia, basi imo katika jambo ambalo angeweza kulitenda asilitende, wala si katika kanzu aliyoipoteza. Na funzo la mkusanyaji halikutazama huko kabisa.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa amekwisha kumkumbuka Abunuwasi, na ulinganisho huo una faida ingawa haupaswi kusukumwa mbali. Abunuwasi anaazima sufuria, anairudisha pamoja na kijisufuria akidai imezaa. Mwenyewe anapokea kwa furaha. Mara ya pili sufuria hairudi: imekufa. Mwathiriwa wa Abunuwasi anaamini kwa sababu uongo unamfaa, na akishaukubali uzazi wa sufuria hana mlango wa kukataa kifo chake. Kicheko cha hadhira kinakuwa na haki fulani, maana kimemwangukia mwenye tamaa. Mwenye nyumba wa Aesop hakuwa na tamaa yoyote. Aliamini kwa hofu. Kucheka wahusika hawa wawili kwa kicheko kimoja ni kuchanganya mambo, na uhakiki unaowaita wote ‘wajinga waliolaghaiwa’ hausaidii.

Yupo pia anayeamini kwa huruma, na huyu ndiye anayetia swali hili uzito wake halisi. Katika tamthilia ya Shakespeare, The Winter's Tale, anaingia Autolycus, mchuuzi, mwimbaji na mchopozi. Jina lake ni la Kigiriki na maana yake ni mbwamwitu mwenyewe. Autolycus wa kale alikuwa babu wa Odysseus kwa upande wa mama, na Homer anasema aliwapita watu wote kwa wizi na kwa viapo, kipawa alichopewa na Hermes. Waandishi wa baadaye walimpa uwezo wa kugeuza sura: Ovid anasema aliweza kufanya cheupe kuwa cheusi na cheusi kuwa cheupe, hata mwenye mifugo asiitambue mali yake. Shakespeare amebadilisha jambo moja kubwa. Autolycus wake hageuzi kitu kilichoibiwa, anajigeuza mwenyewe.

Anapotokea mwana wa mchungaji akielekea kununua sukari, zabibu, mchele na zafarani kwa ajili ya karamu ya kukata manyoya ya kondoo (orodha ambayo mpishi wa Lamu asingeishangaa), Autolycus anajitupa chini na kulia kwamba ameibiwa na kupigwa. Kijana anamwinua kwa upole, na katika kuinuliwa huko mfuko wake unachopolewa. Anataka hata kumpa fedha, na mwizi analazimika kumzuia asije akagundua kuwa hana kitu. Akiulizwa jina la aliyemwibia, mwizi anajitaja mwenyewe. Ndiyo kilele cha maonyesho yake: anasimulia maisha yake kwa mtu anayemwibia, kama mtunzi anayetaka kazi yake itambuliwe. Hapa hadhira inacheka, na inacheka kwa haki ya usanii. Lakini kilichoibiwa ni zaidi ya fedha. Mpita njia mwingine atakayelala njiani akiwa na jeraha la kweli amepunguziwa nafasi ya kuinuliwa.

Ushahidi wa hili haukuhitaji kusubiri wanafalsafa. Simon Forman, tabibu na mnajimu wa London, alitazama tamthilia hii katika ukumbi wa Globe tarehe 15 Mei 1611 na kuandika kumbukumbu zake. Hakusema lolote juu ya sanamu ya malkia Hermione inayopata uhai, tukio ambalo wahakiki wengi wanaliona ndilo kilele cha kazi nzima. Alichojikumbusha ni kujihadhari na ombaomba wa uongo. Mtazamaji wa mwanzo anayejulikana aliondoka ukumbini na funzo lile lile la mkusanyaji wa ngano.

Inafaa kukumbuka pia kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1572 iliwaweka waigizaji wasio na ufadhili wa wakubwa katika kundi moja la wazururaji pamoja na wachuuzi wa mikononi. Mwigizaji aliyecheza Autolycus alikuwa na kinga ya mfalme. Mchuuzi wa barabarani hakuwa nayo. Shakespeare aliijua jamaa hiyo kwa karibu, na huenda ndiyo sababu anamwacha mwizi wake bila kitanzi.

Lakini hamwachi bila matokeo. Mwishoni mchungaji na mwanawe wamepandishwa cheo kuwa waungwana, na Autolycus anawaangukia awaombe wamsemee kwa mwana wa mfalme. Kijana anaahidi kuapa kwamba huyu ni mtu mwaminifu kuliko wote Bohemia. Baba anamtahadharisha: sema, ila usiape. Kijana hasikii, sasa yeye ni mwungwana, na mwungwana huweza kuapia uongo kwa ajili ya rafiki. Kitendo hiki kinafanana na msamaha, na wengi wamekisoma hivyo. Kuna jingine ndani yake. Wizi na viapo, vipawa viwili ambavyo Homer alimpa babu wa Odysseus, vilikuwa vimetengana katika tamthilia hii: mbwamwitu alibaki na wizi, na sasa kiapo cha uongo kimehamia kinywani mwa yule aliyemwinua njiani. Kijana huyu hakufundishwa kutoamini, kama Forman alivyojifundisha. Amefundishwa kwamba ukweli wa mtu unatengenezwa na vazi lake, na amevaa vazi jipya. Autolycus anajibu kwa maneno machache ya adabu, anaambiwa afuate, anawafuata, na tangu hapo hasikiki tena katika tamthilia.