HADITHI NA HADITHI

Ndugu zetu Waislamu, katika Kiswahili chetu neno "hadithi" lina maana mbili: ngano ya Abunuwasi, na neno la Mtume wetu (S.A.W.). Ngano hatuikatazi. Mwenyezi Mungu mwenyewe amefunza kwa visa, na mwishoni mwa Sura ya Yusuf ametujulisha kuwa mna mazingatio ndani yake.

Lililo ovu ni kuzichanganya. Mwaidhi hutaka kuwaliza watu msikitini, akazua jambo, kisha akamsingizia Mtume. Ugonjwa huu ni wa kale: Ibn al-Jawzi, aliyefariki Baghdad mwaka 597 Hijria (1201), aliwaandikia kitabu kizima wasimulizi.

Basi yatupasa tuulize kwa adabu: imepokewa na nani? Asipojua, tusiwafunze watoto wetu kuwa ni dini.

Wabillahi tawfiki.