Anayeweza Kusogea Ndiye Asogee

Usharikani kwetu Nkoma hakuna kinanda cha mabomba, wala fidla haijapata kupigwa kanisani mwetu. Lakini tulipokuwa chuoni tukisoma teolojia tulisikiliza kanda za matamasha ya vyombo hivyo viwili vikipigwa pamoja, na swali moja limekaa nasi hadi leo. Fidla ina nyuzi nne tu. Kinanda kina mamia, pengine maelfu, ya mabomba yanayojazwa upepo. Kingeweza kuimeza fidla; mbona hakiimezi?

Ni kwa sababu mpiga kinanda huchagua. Kinanda hicho hakipazi sauti kwa kubonyezwa kwa nguvu, bali kadiri safu za mabomba zinavyofunguliwa. Fidla inapoingia, yeye hufunga safu nyingi na kubakiza chache zilizo laini. Hanyamazi, maana akinyamaza fidla itakosa pa kuegemea. Anapunguza ili mwenzake asikike.

Fidla nayo ina zamu yake. Kabla ya kuanza, kinanda hutoa sauti, na mpiga fidla hukaza au kulegeza nyuzi mpaka zilingane nayo. Si kwamba kinanda ni bwana mkubwa. Kurekebisha mabomba yote ni kazi ya siku nyingi. Nyuzi nne ni kazi ya dakika chache. Johann Sebastian Bach, Mlutheri mwenzetu aliyezaliwa Eisenach, Ujerumani, mwaka 1685, alipiga kinanda na fidla pia, hivyo aliujua wajibu wa kila upande.

Basi kanisani, nani ampishe nani? Wengine husema mdogo ampishe mkubwa; wengine, mwenye nguvu ashuke. Sisi tunasema: anayeweza kusogea ndiye asogee.

Kwetu Usukumani tumekua na mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayevuta watu wengi zaidi. Uwanjani ni raha, lakini tukiyaingiza ibadani ni hatari. Tuliponunua kinanda cha umeme na spika, tulifurahi mno. Ilipita miezi kabla hatujagundua kwamba bibi mmoja, aliyetuanzishia nyimbo za Tumwabudu Mungu Wetu kwa miaka mingi, ameacha kuimba. Tulipomwuliza alijibu, "Mchungaji, nikiimba sijisikii mwenyewe." Hakulalamika. Ni sisi tuliozikaribisha kelele zile tukaziita uamsho.

Sauti ya mtu wa miaka sabini haiongezeki kwa kuombwa, lakini spika hupunguzwa kwa kidole kimoja. Vijana wakapunguza. Bibi naye akakubali kuanza wimbo kwa sauti ya kinanda, si ile aliyoizoea tangu usichana wake. Kila mmoja alisogea pale alipoweza.

Mtume Paulo, katika Wafilipi sura ya 2, anatuonyesha Kristo aliyejishusha ingawa alikuwa na utukufu wote. Kati yetu na Mungu palikuwa na umbali, na sisi tusingeweza kupanda. Yeye ndiye aliyeweza kusogea, naye akasogea.

Wapendwa, tunapobishana nyumbani, kwenye baraza la wazee au juu ya michango, tusianze kuuliza nani mkubwa. Tuulize nani anaweza kusogea. Mara nyingi tutakuta ni sisi.