Adabu na Usalama wa Mtoto

Huku kwetu Rubafu mtoto wa Kihaya huanza kupiga magoti mbele ya wakubwa kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Huitikia kwa “waitu”, na akitumwa mwaloni au mgombani haulizi sababu. Nimelelewa hivyo, nikalea hivyo, na sioni kuwa ni desturi ya kuonea haya. Lakini, ndugu msomaji, mtoto tuliyemfundisha kumtii kila mkubwa atafanya nini siku atakapokutana na mkubwa mwovu?

Serikali na UNICEF walifanya utafiti wa nchi nzima mwaka 2009, ukatangazwa 2011. Ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Sehemu kubwa yao hawakumwambia mtu yeyote. Ukimya huo nao ni aina ya utii, maana mtoto ameambiwa na mkubwa asiseme, naye hasemi.

Kwa maoni yangu kosa haliko katika kupiga magoti. Magoti ni salamu. Hayampi anayesalimiwa haki juu ya mwili wa mtoto wala juu ya ulimi wake. Mtoto aweza kusalimu kwa heshima zote, kisha akasema, “Waitu, naomba kwanza nikamwulize mama.” Mkubwa mwema hapungukiwi na kitu kwa maneno hayo. Akikasirika, basi mtoto amekwisha kupata habari ya maana sana, naye aondoke. Wazazi wengine huniambia kuwa hivyo tutazaa kizazi cha watundu. Mtundu hakatai kwa “naomba”.

Hata hivyo kuna mahali ambapo maneno ya mtoto hayafui dafu. Agosti 2018, katika Shule ya Msingi Kibeta, Manispaa ya Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alituhumiwa kuiba pochi ya mwalimu, akapigwa, akafa. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu mmoja adhabu ya kifo na kumwachia mwenzake. Mtoto yule angesema nini kwa adabu kiasi gani hata fimbo isimame? Hapo wa kusema walikuwa watu wazima.

Sisi tuliosoma chuo cha ualimu na kushika shule tunajua kwamba fimbo ina sheria yake. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vipigwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. (Kama fimbo ingalipo haja nayo shuleni ni hoja nyingine, nami naona haja hiyo imekwisha.) Sasa, ni wanafunzi wangapi waliowahi kuambiwa hayo? Tunawakaririsha kazi za diwani na za mbunge, lakini hatuwaambii kwamba mwalimu naye yuko chini ya kitabu. Wataniuliza, mtoto ahesabu viboko? Ndiyo, ahesabu. Mamlaka inayoogopa kuhesabiwa haistahili magoti ya mtoto.

Zamani msichana alikuwa na shangazi yake wa kumweleza yale asiyoweza kumwambia baba. Siku hizi shangazi yuko Mwanza au Dar es Salaam. Kwa hiyo nashauri kila mtoto atajiwe watu wazima wawili wa kuwaendea, mmoja wao awe nje ya nyumba yake, na ajue pia namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo. Nilipoyasema haya mbele ya watoto wa jirani, mmoja aliuliza, “Na wewe babu ukituambia tusiseme?” Mama yake akamkemea. Mimi nikamjibu: hata mimi, semeni.