Haki ya Aliyeshona

Yapo maduka, kandokando ya barabara itokayo Ukunda kuelekea fukwe za Diani, ambayo wenyewe huyaita maduka ya vitu vya kale, na humo, baina ya vinyago vya mpingo vilivyochongwa mwaka huu na makasha ya njumu yaliyopakwa chai na kufukizwa moshi ili yapate umri yasiokuwa nao, mtu mwenye subira aweza kukuta, labda mara moja kwa mwaka, kitu ambacho kwa hakika kimeishi. Mimi nina maradhi hayo ya kutafuta, wala sijitibu. Wenzangu hutafuta sahani za Kichina na saa za ukutani. Mimi hutafuta nguo kuukuu, na katika nguo huitafuta mifarishi, yale matandiko ya viraka yaliyoungwa kwa mkono, kitambaa kwa kitambaa, na mtu ambaye aghalabu hakuandika jina lake popote.

Siku moja ya kusi, mvua imeanuka na barabara ingali ina madimbwi, niliuona mmoja umekunjwa nyuma ya kasha. "Huu ni wa Lamu, mzee," akaniambia kijana mwenye duka kabla sijauliza, "wa zamani za masultani." Nikaufunua. Ulikuwa wa viraka vya mraba, vingi vya pamba na vichache vya sufu, na kiraka kimoja, kilichokatwa katika shati la mtu, kilikuwa kingali na ule utepe mdogo unaoamuru kwa Kiingereza kwamba nguo isifuliwe kwa maji ya moto. Zamani za masultani hazikuijua amri hiyo. Nikamwonyesha; akacheka, nikacheka naye, na bei ikashuka kwa theluthi mbili. Ila kilichonisimamisha pale muda mrefu kilikuwa kitu kingine, nacho ni ukingo wa juu wa mfarishi, uliochakaa kwa namna ambayo kingo tatu zilizobaki hazikuchakaa: rangi imekwenda, nyuzi zimelainika kama nywele za mtoto, na mahali pawili, kwa kadiri ya upana wa mabega ya mtu, kitambaa kimekonda hata pamba ya ndani ikachungulia. Hapo ndipo mtu fulani, usiku baada ya usiku, alipokuwa akishika kwa ngumi mbili na kujivutia mfarishi hadi kidevuni. Na mojawapo ya tundu hizo ilikuwa imetililiwa kwa uzi wa rangi nyingine, na mkono mwingine, usiojua kushona kama ule wa kwanza.

Nikaulipia, nikarudi nao nyumbani, na tangu siku hiyo swali moja halijaniacha: nimenunua nini, na kwa nani?

Njia iliyouleta si siri kwa mtu yeyote wa pwani hii. Mzee hufa Ulaya au Marekani, watoto wake wakaifungua nyumba na kuitoa mizigo, na kile wasichokitaka wakakitia katika masanduku ya sadaka. Wapokeao sadaka huuza sehemu kubwa kwa wafanyabiashara, kwa uzani, nayo hushindiliwa katika belo, ikavuka bahari hadi bandari ya Kilindini, ikapanda hadi soko la Kongowea, na belo likafunguliwa alfajiri mbele ya wanawake ambao macho yao ni mizani. Nguo bora, iitwayo kamera, huondoka kabla jua halijapanda. Iliyokataliwa na wote huishia katika fagia, rundo la kuokotewa kwa shilingi chache. Sina shaka kwamba mfarishi wangu ulipita katika fagia, maana mteja wa Kongowea hataki viraka, anavyo vya kwake nyumbani, na ni sisi tu, wenye shibe kidogo, tunaouona umaskini wa mwenzetu kuwa ni pambo.

Tazama basi jinsi nia tatu zilivyopandana katika kitu kimoja. Aliyeshona alinuia kumfunika mtu aliyemjua kwa jina; warithi wake wakanuia sadaka, au pengine walinuia kupata nafasi kabatini tu, Mungu ndiye ajuaye; na wachuuzi, toka bandari hadi bandari, wakanuia faida, jambo ambalo si aibu. Tulifundishwa tangu chuoni, tukingali na vidole vyenye wino, kwamba amali hupimwa kwa nia. Lakini hatukufundishwa lifanywalo wakati amali moja imepita katika mikono mitano, kila mkono na nia yake, na ni ipi kati ya nia hizo inayomfunga mnunuzi wa mwisho.

Ukimpelekea faqihi wa madhehebu yetu ya Shafi suala hili, atakumalizia kabla kahawa haijapoa. Mali ya maiti, baada ya deni na wasia, ni ya warithi, warithi wamekwisha kuitoa kwa hiari, aliyepewa akauza, uuzaji ni halali. Si lukata, hata ulazimike kuitangaza mwaka mzima ukimtafuta mwenyewe. Na ukihofu kusali juu ya tandiko ambalo hujui lililala nani, atakukumbusha kwamba asili ya vitu ni tahara, wala yakini haiondolewi na shaka. Yote haya ni kweli, nami nayakubali kwa moyo mmoja. Lakini faqihi ameulizwa juu ya milki, naye amejibu juu ya milki. Kuna dhima ambayo haikai katika milki, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikinikosesha usingizi chini ya mfarishi wa watu.

Mwanga niliupata Msambweni, na niliupata kwa fedheha. Huko yuko bi mkubwa mmoja, somo wa marehemu mama yangu, ambaye juu ya kitanda chake cha mwakisu pana mfarishi wa leso tupu, kuukuu zote, zilizokatwa mahali zilipokuwa bado zina nguvu na kushonwa upya. Alinisomea viraka kama mtu asomaye barua. Hiki chekundu na cheusi ni cha kisutu alichovikwa siku ya arusi. Hiki, kilichopauka katikati, ni cha mbeleko iliyobeba watoto wanne mmoja baada ya mwingine. Na hiki, akakigusa kwa nyuma ya vidole tu, ni cha leso iliyositiriwa dada yake, iliyoshikiliwa juu ya kaburi wakati anateremshwa. Mimi, badala ya kunyamaza, nilitaja bei, tena bei nzuri. Hakukasirika.

"Utauweka wapi, mwanangu?"

"Ukutani, Bi. Watu wauone."

"Na atakayelala nao?"

"Hapana wa kulala nao, Bi. Utaharibika."

"Basi hauuzwi," akasema, akaukunja. "Mimi nilishona watu walale."

Nimeshayapima maneno yale kwa kila mizani niliyo nayo na sijaona yanapopungua. Hakusema kwamba mfarishi ni mtakatifu, wala kwamba hauuzwi kamwe kama wakfu usiouzwa wala kurithiwa. Alichokisema ni kwamba nguo ile ina shughuli, na mwenye kuinunua na kuiachisha shughuli yake amenunua kisichokuwapo. Na ajabu ya mambo ni kuwa leso yenyewe, asili yake, ni kiraka. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani hii walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vya Mreno, vilivyochapwa katika jora moja, wakakata kipande cha vitambaa sita, wakakigawanya vitatu-vitatu na kuviunga juu na chini vikawa vazi moja. Jina la leso limebaki ni ushahidi wa safari hiyo. Baadaye wafanyabiashara wakaona faida ya kuichapa nzima, na Mombasa likafunguliwa mwaka 1887 lile duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo alama yake, Mali ya Abdulla, mama zetu waliijua hata wale wasiojua kusoma. Ng'ambo ya bahari hii hii, katika jimbo la Karnataka nchini India, wanawake wa Kisidi, ambao babu zao walitoka pande zetu za Afrika, hushona hadi leo mifarishi waiitayo kawandi, wakianzia kingoni na kuzunguka hadi katikati, na kila pembe huitia kikunjo kidogo waitacho phula, yaani ua. Usipotiwa maua hayo, wao husema mfarishi uko uchi. Kiraka, kwa hivyo, hakijapata kuwa aibu isipokuwa machoni mwa tajiri mpya. Anas bin Malik amepokewa katika Muwatta kwamba alimwona Sayyidna Umar, siku ambazo alikuwa Amiri wa Waumini, naye ana viraka vitatu mabegani, kimoja juu ya kingine.

Lipo jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Sisi wa Kwale tunayo Kaya Kinondo, msitu wa wazee wa Kidigo, ambao mwaka 2008 uliingizwa pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na akitoka hatoki na kitu, hata kijiti kikavu kilichoanguka chenyewe. Wengine huona ni ushirikina. Mimi naona ni adabu ya kukiri kwamba vipo vitu ambavyo haki yake ni kuishia pale pale vilipo. Hali kadhalika ndugu zao Wagiriama, kaskazini ya Mombasa, humsimikia mzee wa chama cha Gohu aliyefariki kigango, yaani nguzo ya mti ya kumkumbukia, na ada ni kwamba kikisha kusimama hakiondolewi. Mji ukihama, chenyewe hubaki, mchwa wakala, mvua ikala, hata kikaisha. Wezi wakaona biashara, na vigango vikatokea katika maduka ya vinyago na kuvuka hadi Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 katika boma moja vilikutwa katika makumbusho huko; cha kwanza kilirudi mwaka 2006, cha pili kikafuata, na mwaka 2019 Denver Museum of Nature & Science ikarudisha vigango 30. Waliovitunza huko walivihifadhi vizuri mno, katika hewa kavu, mbali na mchwa, na katika uhifadhi huo ndimo ilimokuwamo dhuluma: walikizuia kisiishe kitu ambacho kuisha ndiyo haki yake.

Najua hoja itakayoletwa, na ina uzito. Huko Gee's Bend, jimbo la Alabama, kitongoji cha wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba, wanawake walishona mifarishi kwa nguo za kazi ili watoto wasife baridi. Missouri Pettway, baada ya mumewe kufariki, mwaka 1942 alizichana nguo za marehemu za shambani akazishona zikawa mfarishi mmoja, ili amkumbuke na ajifunike kwa mapenzi yake. Mwaka 2002 mifarishi ya kitongoji hicho ilitundikwa katika makumbusho makubwa, Houston kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaichapa kwenye stempu. Je, ingelikuwa bora mifarishi hiyo ioze vitandani, na dunia isijue kwamba wanawake wale walikuwa mafundi? Siwezi kusema hivyo. Heshima waliyoipata, nao wengine wakingali hai kuiona, ni haki iliyochelewa, na palipo na haki ya mtu aliye hai, haki ya kitambaa hungoja. Lakini wale walijulikana kwa majina, na baadhi yao waliokuwa hai walisafiri kwenda kuzitazama kazi zao ukutani. Huyu wa kwangu hana jina. Nikimtundika, sitamtukuza yeye. Nitajitukuza mimi niliyemwokota.

Hukumu yangu basi, nami naitoa kwa nafsi yangu kwanza, ni hii: anunuaye kitu cha mkono kilichopoteza mwenyewe amenunua milki pamoja na dhima, na dhima hiyo hulipwa kwa kukitumia katika ile nia ya kwanza, nia ya aliyeshona, kwa kuwa nia za katikati zilikuwa za njiani tu. Mfarishi ulishonwa umfunike mtu. Basi na umfunike mtu. Utachakaa? Utachakaa, maana kila kitu kina ajali yake, na kuchakaa begani mwa mtoto ni mauti ya heshima kuliko kudumu ndani ya kioo. Wawindaji wenzangu watanicheka, na mmoja wao, aliyekuwa tayari kunipa mara nne ya nilichotoa, ameacha kunisalimu.

Kusi hii mfarishi uko kitandani kwa mjukuu wangu wa kike, ambaye huushika kwa ngumi mbili mahali pale pale palipokonda. Tundu moja ilifunguka tena mwezi wa saba. Mke wangu ameiziba kwa kipande cha leso ya mama yangu, kwa uzi mweupe, kwa kuwa siku hiyo mwekundu haukuwapo dukani.