Yule Aliyebaki Shambani

Mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15 tumeuhubiri miaka mingi kwa kumfuata kijana aliyeondoka. Tunakwenda naye hadi kwa nguruwe, tunarudi naye nyumbani, tunavishwa naye pete, na ndama akishachinjwa mahubiri yamekwisha. Juma hili nawaomba tubaki na kaka yake. Muda wote ule yeye alikuwa shambani, na watu wa nyumba ile walikula kwa jasho lake.

Mtu wa namna hiyo yuko Muheza. Familia nitakayoieleza msinitafutie jina lake, maana nimeichanganya kutoka nyingi, na najua wapo watakaoapa kuwa nimewasema wao.

Baba alianza na ekari mbili chini ya milima ya Amani. Alibebesha michungwa mwenyewe, vikonyo vya Msasa na Valensia juu ya miche ya limau, kwa kuwa mizizi ya limau ni migumu. Mchungwa wa kubebesha huanza kuzaa kama mwaka wa tatu au wa nne. Wa mbegu unaweza kukuweka saba na zaidi. Wakati huo watoto walikula muhogo na mahindi yaliyopandwa katikati ya mistari. Walawi 19 inaijua njaa hiyo: miaka mitatu matunda ya mti mpya hayaguswi, ya mwaka wa nne ni ya Bwana, na wa tano ndipo mwenye shamba anakula. Aliyetoa agizo lile alikuwa akisema na wakulima wa miti, watu wanaojua kungoja.

Baba huyu hakuweza kungoja kila mara. Ada za shule zilipobana, dalali alikuja matunda yangali machanga, akaitazama miti, akataja bei, akalipa. Msimu ulipofika, faida ikaondoka na lori. Hivyo ndivyo mashamba mengi ya huku yanavyozaa bila kumtajirisha mwenyewe.

Aliyeukata mtindo huo ni kijana wa pili, aliyemaliza darasa la saba akabaki nyumbani. Aliona jambo ambalo kila mkulima analijua na wachache wanalitumia: chungwa likishachumwa haliivi zaidi kama embe, lakini likiachwa mtini linaweza kuvumilia majuma kadhaa. Asiyebanwa na deni anaweza kungoja bei. Akamsihi baba asiuze matunda machanga tena, akaanza kuongea mwenyewe na wafanyabiashara wanaovusha mzigo Horohoro kwenda Mombasa, na baadaye akakodi lori la kwenda Dar es Salaam. Kule wageni humwuliza kwa nini machungwa yake ni ya kijani, naye hujibu kwa kulikata moja. Usiku wetu ni wa joto, ganda halipati baridi ya kulifanya njano, ila ndani limeiva.

Kisha nzi wa matunda. Yule mgeni kutoka Asia aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, na mpaka haukumzuia. Jike hutoboa ganda na kutaga humo. Ukimwona kijana huyu akipanga mzigo utaelewa: analigeuza chungwa kiganjani, anatafuta kitobo cha ukubwa wa ncha ya pini, analibonyeza pembeni kwa kidole gumba. Likibonyea, analitupa kwenye debe la kufukia. Mnunuzi akikuta mafunza katika chungwa moja, atakata bei ya lori zima. Jioni watu wakienda kuoga, yeye anaokota yaliyoanguka na kuyafukia kwenye shimo refu.

Leo shamba limeongezeka, wanakusanya na machungwa ya majirani, wana Fuso lao, na dada mdogo ndiye anayeshika daftari na simu ya malipo. Biashara imekua. Mshahara wa kijana haujakua, kwa sababu haujawahi kuwapo. Anakula nyumbani, akiugua anatibiwa, akitaka kuoa baba atatoa mahari. Akiuliza zaidi anaambiwa shamba ni letu sote. Ndugu zake walioko mjini huja Krismasi na kurudi na magunia.

Siku baba akifariki, mnajua inavyokwenda. Kikao cha ukoo kinakaa, muhtasari unapelekwa mahakama ya mwanzo, msimamizi wa mirathi anateuliwa, na kila mtoto anadai sawa na mwenzake. Fuso linauzwa ili ligawanyike. Shamba linakatwa vipande, na mmoja anamuuzia mtu baki. Wazee husema shetani ameingia. Mimi nadhani hapa shetani anasingiziwa.

Turudi kwa Luka. Mstari wa 12 unasema baba aliwagawia wote wawili, si mdogo peke yake. Kwa hiyo alipomwambia mkubwa kwamba vyote alivyo navyo ni vyake, alisema kweli tupu. Lakini mwana yule hakuwahi kupata hata mwana-mbuzi wa kula na rafiki zake, na miaka yote aliihesabu kuwa ya utumwa. Simtetei kwa kukataa kuingia. Mfano ni wa neema, naye aliikosea neema. Nasema tu kwamba aliyekwisha kupewa mbuzi wake haoni uzito kuingia kwenye karamu ya mdogo wake.

Ninyi wazazi wenye mashamba, mpeni aliyebaki mbuzi wake mapema. Mshahara, hata mdogo, uandikwe. Hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inaweza kubeba jina zaidi ya moja, na jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa wabia, si kwa mzee pekee. Wengine wataona si kazi ya mchungaji kutaja BRELA. Nimeshazika vya kutosha, na najua kinachofuata baada ya arobaini.

Na yule dada wa daftari? Anajua kila mnunuzi, anajua nani analipa na nani anakimbia, lakini hahesabiwi kwa kuwa ataolewa. Someni Hesabu 27. Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, binti za Selofehadi, walisimama mbele ya Musa na kuhani na wakuu wote, wakadai sehemu ya baba yao, na Mungu akasema wana haki. Iliwabidi wafike huko kwa sababu Selofehadi alikuwa ameshakufa. Baba wa huyu wa kwetu yu hai, na msimu mkubwa bado haujaanza. Anaweza kuulizwa juma hili hili, daftari likiwa mezani.