Swila Kwenye Banda la Kuku

Mayai yalianza kupotea baada ya masika. Nyumba yenyewe iko baina ya Kilifi na Malindi, nyumba ya makuti kama nyingine nyingi za huko, na banda la kuku limejengwa kwa fito nyuma ya jiko. Mama mwenye nyumba alitegemea kuku wa kienyeji. Mayai ndiyo yaliyomnunulia sukari na madaftari ya watoto. Kwanza alishuku watoto wa jirani. Kisha jioni moja kijana wake akamkuta nyoka mwembamba wa kahawia amejikunja kiotani, shingo imemvimba kwa yai. Nyoka akasugua magamba yake yakachachatika kama mafuta kikaangoni, akanyanyua kichwa kana kwamba atauma. Kijana akamponda kwa mchi. Watoto wakamburuta uwanjani wakishangilia.

Aliyeuawa alikuwa nyoka mla mayai. Hana sumu, na meno yake ni kama hayapo. Yai hulimeza zima, akalipasua kooni kwa miiba ya uti wa mgongo wake, akameza ute na kiini, kisha akalitapika ganda likiwa limebonyea. Mlio ule wa magamba ndio silaha yake: adui amdhanie kifutu, akimbie. Hasara aliyotia ni hasara kweli, hasa kwa anayehesabu mayai ili anunue daftari. Lakini kumzuia ni kuokota mayai mchana na jioni na kuziba matundu ya banda, na mwenye mchi asiyewajua nyoka iko siku atamwinamia kifutu mwenyewe.

Basi nyumba ikaona mambo yamekwisha. Nyuma ya banda palibaki lundo la makumbi ya nazi, yamerundikwa tangu mwaka uliotangulia ya kukokea moto. Chenga za mahindi zilimwagwa chini kila jioni, na kuku walichosaza kililala pale pale. Panya wakaja kula chenga, wakazaliana ndani ya makumbi. Usiku walisikika wakikimbizana juu ya dari, na hakuna aliyejali, maana panya amezoeleka. Swila hamfuati mtu. Hufuata panya, na akifika akakuta kifaranga au yai, hasemi hiki si changu.

Swila mkubwa wa pwani hii, anayeweza kupita urefu wa mita 2, alitambuliwa na wanasayansi mwaka 2007 kuwa ni aina ya peke yake, akapewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken pale Watamu. Wenyeji walikwisha kumjua zamani. Hutema sumu akilenga macho, na hatua mbili tatu si mbali kwake.

Magharibi ile kuku walikataa kuingia. Walisimama mlangoni wamenyoosha shingo, wakitoa mlio mfupi mfupi, wote wakitazama upande mmoja.

"Mama, kuku leo hawataki kulala."

"Watakuwa wameona nguchiro. Nipishe, baba, kiza kinaingia."

Akainama bila tochi, akapeleka mkono kiotani amtoe mtetea aliyekuwa akiatamia. Swila alikuwa nyuma ya gunia. Akainuka, akatanua shingo, sumu ikampata mama macho yote mawili.

Bibi wa nyumba ndiye aliyefika kwanza. "Usifikiche, mwanangu! Leteni maji!" Akamlaza kichwa mapajani, akawa anamfunua kope kwa vidole na kumwagia maji kwa kata, polepole, bila kukoma. Jirani alikuja na majani yaliyopondwa. Bibi akamrudisha nayo. Ndoo ya kwanza ikaisha, ikaletwa ya pili. Asubuhi zahanati ilimwosha tena na kumpa dawa ya macho, na baada ya siku chache akaona vizuri.

Huku nyuma kijana alikuwa ameshika fimbo na kuingia bandani gizani kulipiza. Swila akamuuma mkononi. Wanaume wakamfunga kamba ya katani juu ya kiwiko, wakaikaza kwa nguvu zao zote, wakamchanja kwa wembe, wakambandika jiwe jeusi wakisubiri linyonye sumu. Usiku kucha wakasubiri. Jiwe hilo halinyonyi chochote. Sumu ya swila huyu huweza kuozesha nyama pale ilipoingia, na kamba huifungia papo hapo huku ikiuzuilia mkono damu. Alipofikishwa hospitali kulipokucha, vidole viwili vilikuwa vimekwisha kufa, vikakatwa.

Nyoka alikuwa mmoja na usiku ulikuwa mmoja. Mama alipata mtu anayejua la kufanya. Kijana alizungukwa na watu waliompenda, na mapenzi hayo ndiyo yaliyokaza kamba. Kilichomfaa ni kutulizwa, kuvuliwa pete na saa, mkono kufungwa gango usicheze, na kupelekwa hospitali saa ile ile.

Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, nalo hukadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Wengi wa wanaoumwa ni wakulima, wachungaji na watoto, watu wa nyumba kama hii.

Sasa makumbi yamehamishiwa mbali. Kuku hulishwa asubuhi na mabaki hufagiliwa, chenga zimo ndani ya debe lenye kifuniko, na wavu wa banda una matundu yasiyopitisha hata kidole. Nyoka bado hupita vichakani, huachwa waende zao.

Nawe mwenye kuku, usingoje mtu aumwe. Uliza leo ni hospitali ipi ya karibu yenye dawa ya sumu ya nyoka, maana si kila zahanati inayo. Andika nambari ya mtu mwenye gari au bodaboda anayepokea simu usiku, uibandike mahali ambapo hata mtoto ataiona.