Mwacheni Diwani Aje Mikono Mitupu

Nilikuwa diwani kwa vipindi viwili, kuanzia 2010 hadi 2020, na hakuna mahali paliponifundisha kazi ile kama msibani.

Kata yetu iko mkoa wa Tanga, kwenye michungwa. Kwetu mtu akifariki kijiji chote huhamia pale mpaka matanga yaanuliwe. Wanaume hukaa nje kwenye mikeka na madawati yaliyoazimwa shuleni, wanawake wako ndani na kwenye mafiga. Diwani akifika huwekewa kiti cha plastiki mbele. Nilizoea kushukuru, kisha nakwenda kukaa mkekani, kwa sababu mazungumzo yako pale chini. Mkutano wa hadhara una kipaza sauti, una mtendaji wa kata na askari wake, na mwenye jambo zito hufikiri mara mbili kabla ya kunyoosha mkono. Mkekani hakuna anayenyoosha mkono. Mzee atakwambia, huku anatazama pembeni, kwamba mwalimu wa hesabu hajaonekana tangu mwezi uliopita. Mwingine atasema zahanati imebaki na panadoli tu. Kijana atauliza kwa nini yule wa geti la ushuru anapokea hela za machungwa bila kutoa risiti ya mashine. Maswali mengi niliyouliza kwenye baraza la madiwani yalitoka kwenye mikeka hiyo.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema kiongozi anayezunguka misibani anapoteza muda. Kufika kwa watu ndiyo kazi yenyewe, na nusu ya kufika ni kusikiliza. Kinachoiharibu kazi hii ni bahasha.

Nizungumzie bahasha hiyo kwa kirefu, maana ndiyo iliyonisukuma kuandika. Enzi za udiwani wangu, alfajiri, kabla sijamaliza kunawa uso, hodi inapigwa. Kuna anayetaka nauli ya kumpeleka mama yake hospitali ya Bombo, kuna aliyekosa ada ya mtoto anayesoma kidato cha tano, kuna ambaye kaka yake kalala kituoni na anahitaji mtu wa kumdhamini. Vijana wanataka jezi na mpira. Kwaya inataka spika, madrasa inataka mabati. Kadi za harusi zinakuja mbili mbili. Na kila msiba una daftari la rambirambi, ambamo jina la diwani huandikwa juu kabisa, na mbele ya jina huachwa nafasi ya tarakimu. Shida hizi ni za kweli. Sijawahi kumdharau mtu aliyepiga hodi kwangu, kwa sababu najua mwanakijiji hatembei usiku kwenda kuomba ila pale njia nyingine zimemfungia.

Lakini tazama hesabu. Katika kipindi changu cha pili posho ya diwani ilikuwa shilingi 350,000 kwa mwezi, na ililipwa kutokana na makusanyo ya ndani ya halmashauri. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, nami nilifurahi kwa ajili yake, kwani nami nina michungwa. Halmashauri inayotegemea mazao ilipungukiwa, na sisi tukawa tunakaa miezi bila posho. Serikali Kuu ilikuja kubeba malipo hayo kwa halmashauri nyingi mwaka wa fedha 2021/22, mimi nikiwa nimeshaondoka. Katika miezi ile ya kukaa bila posho, aliyelipa rambirambi za kata alikuwa mke wangu, mwenye duka dogo la vyakula sokoni. Sukari ilitoka dukani, mchele ukatoka dukani, na hela za mauzo zikaenda kwenye daftari. Usiku mmoja akaniambia, bila ukali wowote, “Baba watoto, kura wamekupa wewe, lakini duka wanalolichukua ni langu.” Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Sasa jiulize: diwani asiye na mke mwenye duka anatoa wapi? Jioni moja alikuja nyumbani mkandarasi aliyekuwa anajenga madarasa katika kata yetu. Kamati yetu ilipangiwa kukagua kazi ile wiki inayofuata, na sakafu ilikuwa imeshaanza kubanduka kabla watoto hawajaikanyaga. Akaweka bahasha mezani, akasema ni mafuta ya pikipiki. Nikamrudishia. Hakukasirika. Alinitajia misiba miwili iliyokuwa pale kijijini siku zile, akaniuliza taratibu nitakwenda na nini.

Swali lile limenikaa kichwani kuliko bahasha yenyewe. Yule bwana alikuwa ameisoma kata yetu kuliko sisi. Alijua kwamba wananchi walewale watakaolalamikia sakafu mbovu ndio wanaongoja tarakimu mbele ya jina la diwani, na kwamba tarakimu hiyo lazima itoke mahali fulani. Rushwa ndogo ya serikali za mitaa huingilia mlango huo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nawapenda watu wa kata ile na najua hawakukusudia.

Kuna madhara mengine ambayo hayasemwi. Nilikuwa na mwenzangu barazani, mtu mwadilifu, ambaye hali ilipombana alianza kukwepa misiba. Alikuwa anaona aibu kufika bila kitu. Akawa anapita njia ya nyuma ili asionekane, anafika siku ya pili watu wakiwa wamepungua, mwisho haendi kabisa. Pamoja na msiba alipoteza habari. Barazani akawa hana la kuuliza isipokuwa kile kilichoandikwa na ofisi, na diwani anayejua tu kile ambacho ofisi imemwandikia hawezi kuisimamia ofisi hiyo. Watu walisema anajisikia, kumbe alikuwa amefilisika.

Kusimamia ndilo jukumu tulilopewa. Nchi yetu iliwahi kujaribu kuishi bila usimamizi huo: halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972 wakati wa mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuzifuta ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Diwani hashiki fedha, hasaini hundi, hamteui mkurugenzi wala hamwondoi. Silaha yake ni kabrasha. Kila robo ya mwaka hupewa rundo la taarifa: mapato na matumizi, utekelezaji wa miradi, hoja za mkaguzi. Mara nyingi kwetu lilifika siku mbili kabla ya kikao. Nililisoma kwa taa ya sola mpaka macho yanauma, kalamu nyekundu mkononi, natafuta mistari inayohusu kata yetu.

Ndivyo nilivyoiona zahanati inapotea. Kijiji kimoja cha mlimani kilikuwa kimejenga boma kwa nguvu zake. Akina mama walibeba mchanga na maji vichwani, vijana wakachoma tofali, na kwenye kamati ya mapokezi kulikuwa na mzee fundi mwashi aliyehesabu mifuko ya saruji mmoja mmoja na kukataa kusaini kwa ajili ya mfuko ambao hajauona. Kuta zilifika kwenye lenta, wakaahidiwa fedha za umaliziaji. Kabrasha la robo moja lilikuwa na mstari wa fedha hizo. La robo iliyofuata halikuwa nao. Niliposimama kuuliza nilijibiwa kwamba kulikuwa na dharura, fedha zimehamishwa. Kwa azimio la kikao gani? Ukumbi ulinyamaza. Robo nyingine nikauliza tena, na nyingine tena, hadi wenzangu wakaanza kuguna nikisimama. Mwaka wa fedha uliofuata mstari ulirudi, boma likaezekwa, na leo akina mama wa mlimani wanapimia watoto wao pale.

Kijijini hakuna aliyejua habari ya mstari ule. Nimeombwa jezi, nauli, mbuzi wa harusi na kazi kwa ajili ya watoto wa watu. Sikumbuki mwananchi aliyewahi kuniuliza: diwani, juzi barazani ulisema nini?

Na yapo mambo ambayo diwani hana uwezo nayo, na akisema ukweli kuyahusu humgharimu. Barabara za wilaya zilihamia kwa wakala wa barabara, TARURA, mwaka 2017, maji ya vijijini yakaenda kwa wakala wa maji, RUWASA, mwaka 2019. Kwenye mikutano niliwaeleza kwamba barabara ya kupandishia malori ya machungwa nitaipigia kelele kila ninapokaa na wahusika, ila siwezi kuahidi mwezi wala mwaka. Kwenye kura za maoni za 2020 kura hazikutosha. Waliobaki na kinyongo nami walisema nimeshindwa hata kudanganya kidogo. Nilikubali matokeo, nikampa mkono aliyenishinda. Mwezi huohuo nikarudi shambani kwangu.

Misibani bado nakwenda. Nakaa palepale mkekani, na sasa nasikia mazungumzo kutoka upande wa wananchi. Nasikia diwani akilinganishwa na mwingine kwa ukubwa wa rambirambi, na watu wazima wenye akili zao wakitikisa kichwa kukubali. Hapo nasema, na wakati mwingine nanyamazishwa.

Ombi langu kwa wenye kura ni hili. Diwani wenu akija kuzika, mpisheni mkekani, na kwenye lile daftari msimwachie nafasi ya tarakimu. Mwambieni habari za mwalimu asiyefika na dawa zilizokwisha. Aliyefiwa asaidiwe na chama chake cha kuzikana na majirani, kama tulivyofanya siku zote kabla ya siasa kuingia kwenye vilio. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Nendeni, mdai kusomewa mapato na matumizi, na msiondoke kabla hayajasomwa. Baraza la madiwani nalo hufanya vikao vyake mlango ukiwa wazi kwa wananchi. Changishaneni nauli, mtume watu wawili kutoka kila kijiji wakakae nyuma ya ukumbi na daftari, waandike diwani wenu aliuliza nini na alijibiwa nini, kisha waje wawasomee.